Jioni za Jael Aoko

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Anayesikiliza kwa redio ya jirani asogee karibu na ukuta, mimi pia nilianza hivyo. Ni Jawahir wenu hapa, yule mnayemwita Mama Salamu. Leo sisomi salamu. Leo namkumbuka mtu mmoja aliyezituma.

Anaitwa Jael Aoko. Nasema anaitwa, kwa sababu ulimi wangu bado haujazoea. Jael Aoko wa Sarang'ombe hapa Kibera, mpiga pasi kule Gatina, Kawangware. Ametuacha Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Ni ugonjwa wa kifua. Wengi wenu hamkuwahi kumwona, lakini jina lake mnalijua. Kwa zaidi ya miaka minne nimelitaja hapa karibu kila jioni.

Jael alizaliwa upande wa Homa Bay. Alisoma hadi darasa la saba, darasa moja zaidi yangu, na alinikumbusha hilo mara mbili. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Dada yake mdogo, Sella, aliyefika Nairobi Jumamosi, ameniambia hivi: "Mwalimu alikuwa anamuita Jael aandike kwa ubao, yeye mwalimu anakaa. Na barua za watu pale nyumbani, zote ni yeye. Hata barua ya kumkataa mchumba wangu aliniandikia. Ilikuwa nzuri mpaka yule mwanaume akarudi."

Kumbukeni huo mwandiko, wapendwa. Ndio ulimletea taabu.

Alikuja Nairobi na mumewe, wakapanga hapa Sarang'ombe. Mume akafariki. Mtoto hawakujaliwa. Jael akabaki na chumba chake na pasi yake. Miaka mitano iliyopita akapata kazi kwenye nyumba moja ya dobi kule Gatina, wale wanaofua mashuka ya hoteli. Jina la dobi silitaji. Mkipita huko mtaisikia harufu ya sabuni wenyewe.

Walikuwa wafanyakazi saba. Sita wanafua na kukamua. Mmoja anapiga pasi. Huyo mmoja ni Jael.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mambo yote yako hapa. Siku ya kwanza walipewa karatasi moja ya mkataba, ukurasa mmoja, na nafasi kubwa chini ya kuweka sahihi. Mahali pa saa za kazi paliandikwa: "Mfanyakazi ataondoka kazi itakapoisha." Basi. Mimi Jael aliponionyesha nilimuuliza, "Mwanangu, kazi ya mashuka inaisha lini? Watu wakiacha kulala?" Akacheka, akafunika mdomo. Alikuwa hivyo, anacheka kama mtu anayeiba.

Sikia jambo la pili. Pale mlangoni kulikuwa na kitabu cha kuingia na kutoka. Supavaiza wao, kijana anaitwa Eugene, anakaa Riruta, alikuwa anatoka saa kumi na moja. Akitoka anafunga ofisi, na kitabu kiko ndani ya ofisi. Kwa hiyo atakayetoka baadaye atatia sahihi wapi? Eugene akapata dawa. Watu watie sahihi ya kuingia na ya kutoka pamoja, asubuhi. Ukifika unaandika: nimeingia saa moja, nimetoka saa kumi na moja. Kumbe hata chai hujanywa.

Na kwa sababu mikono ya wenzake ilikuwa na sabuni na wengine kalamu inawapa shida, Eugene akasema, "Auntie Jael, wewe una mwandiko wa kusomeka. Jaza ya wote." Jael akajaza. Mistari saba kila asubuhi, iliyonyooka kama imepigwa rula. Miaka minne. Alikuwa anaona fahari, jamani. Alikuwa hajapewa kalamu na mtu tangu mumewe afe.

Ukweli ni kwamba wafuaji walitoka saa kumi na mbili na nusu, mashine zikinyamaza. Lakini pasi huwa ya mwisho. Gari la hoteli lilikuja kuchukua mashuka saa mbili. Kwa hiyo kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, Jael alibaki peke yake. Nyumba nzima, yeye na mashuka. Na redio ndogo aliyoiweka dirishani, kwa sababu huko Gatina stesheni yetu inashika kwa shida.

Hapo ndipo nilipomjua. Saa moja naanza kusoma salamu, saa moja na robo ujumbe wake unaingia. "Jael Aoko nikiwa Gatina kazini, nasalimia dada yangu Sella wa Homa Bay, Kasiva wa Riruta, na yeyote anayenisikia." Karibu kila siku. Yeyote anayenisikia. Na mimi na huu mdomo wangu nikawa namtania hewani. "Jael, wewe bado uko kazini? Kwani umeolewa na pasi? Atakulipia mahari lini?" Fundi mitambo wetu Ramzy anacheka huko nyuma ya kioo. Nyinyi mnacheka huko nyumbani. Na Jael pia alikuwa anacheka, peke yake, katikati ya mashuka ya watu.

Nimemuuliza Sella kama alikuwa anazipata hizo salamu. Akaniangalia kama mimi ndiye mgeni. "Mama Jawahir, stesheni yenu si haifiki Homa Bay? Nilimwambia dada, huku hatuishiki. Akasema, najua, lakini inasomwa."

Inasomwa. Haya.

Siku moja mchana, mwaka jana, mwanamke mrefu akaingia hapa stesheni na bahasha ya kaki, ndani yake ile karatasi ya mkataba. Nguo yake ilikuwa na mikunjo iliyokaa vizuri hata nikaionea aibu leso yangu.

"Mama, ni mimi Jael."

"Jael yupi? Nina Jael watatu."

"Aliyeolewa na pasi."

Nikanyanyuka. Nikampa kiti changu mimi mwenyewe, na kiti changu sipei mtu.

Akanieleza. Alikuwa ameuliza Eugene kuhusu malipo ya zile saa za ziada, ovataimu kama mnavyosema. Eugene akamfungulia kitabu. "Auntie, ovataimu gani? Hapa umetoka saa kumi na moja. Kila siku. Na huu mwandiko ni wa nani?" Jael akatazama. Ulikuwa wake. Miaka minne ya uongo, kwa mwandiko mzuri kuliko wote Kawangware.

Angeweza kunyamaza. Kasiva, mwenzake wa kufua, yule aliyekuwa anamsalimia, alimwambia anyamaze. "Auntie, tutafutwa sote. Mimi nina watoto watatu." Lakini Jael alikuwa ameenda kwa afisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi, na afisa amemwambia alete kitu cha kuonyesha kwamba alikuwa pale baada ya saa kumi na moja.

"Mama, nataka vitabu vyako," akaniambia.

Wapendwa, lazima niwaeleze. Mimi macho yangu na zile herufi za simu hatuelewani. Kila ujumbe wa salamu Ramzy ananisomea, na mimi naandika kwa mkono wangu kwenye daftari ya shule. Naandika jina, saa na namba ya simu. Saa nilianza kuandika kwa sababu ya mzee mmoja wa Makina aliyekuja hapa na fimbo kusema salamu zake zilitumwa kwanza na zikasomwa za mwisho. Tangu siku hiyo naandika mpaka dakika.

Nikamwambia, "Mwanangu, chukua zote. Salamu zako ziko humo, mia kadhaa."

Akatikisa kichwa. "Zangu watasema nilikuwa nimelala nyumbani. Nataka moja tu. Unakumbuka siku Eugene alinitumia salamu?"

Nikakumbuka! Haki ya Mungu nikakumbuka, nikapiga meza. Siku hiyo simu ya Jael ilikuwa imezima chaji. Eugene amempigia, hampati. Lakini alijua Jael anasikiliza redio. Basi supavaiza mzima akakaa kwake Riruta, akatuma salamu. Nikaisoma hewani, na mkaisikia. Nikasema, "Eugene, hii ni redio, si kipaza sauti cha dobi," tukaendelea na wimbo.

Tukaanza kutafuta. Madaftari kumi na moja. Mimi, Jael na Ramzy, tumekaa chini. Mchana wote. Kumi hazina. Ya kumi na moja haionekani. Nikakumbuka kuna wakati nilimpa jirani yangu Sitti karatasi za kufungia mahamri. Jael alikuwa ananiangalia mikono tu. Ikawa Ramzy ndiye aliyeinama akasema, "Mama, na hii je?" Daftari ilikuwa chini ya mguu wa meza ya mitambo, meza isicheze. Miezi mingi imekalia salamu zenu, mnisamehe.

Ilikuwa humo. Saa moja na dakika ishirini na mbili. Eugene wa Riruta. Namba ya simu. Na maneno, kwa mwandiko wangu mbaya: "Namsalimia Jael wa pasi hapo kazini Gatina, mashuka ya gari la saa mbili yakunjwe mara nne, si mara tatu."

Jael akaisoma. Akaisoma tena. Akaniambia, "Mama, nilikunja mara nne."

Siku ya kesi kusikizwa kwa afisa wa leba nilienda naye. Nilivaa gurbaba yangu nzuri, ile nguo yetu sisi Wanubi, ili wajue kuna mtu. Eugene alikuwa amefika na kitabu chake cha mlangoni. Akakifungua mbele ya afisa, mama mmoja mwembamba mwenye miwani.

"Madam, hii hati ni yake mwenyewe. Muulize."

Afisa akamuuliza Jael. "Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Uliandika saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa moja."

"Saa moja asubuhi uliandika umetoka saa kumi na moja jioni?"

"Ndiyo, madam."

"Ulijuaje?"

"Niliambiwa."

Afisa akashika kile kitabu akakisogeza dirishani kwenye mwanga. Mistari saba, kalamu moja, mkono mmoja, hakuna siku hata dakika moja imezidi. Akamwambia Eugene, "Watu wako wana bahati. Mimi hata siku moja sijawahi kutoka ofisini saa kumi na moja kamili."

Eugene akasema hiyo si hoja, mradi Jael alitia sahihi. Ndipo nikatoa daftari yangu. Eugene akacheka. "Shosho, hapa ni leba, si kipindi cha salamu."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, kaa vizuri. Leo salamu ni zako."

Afisa akasoma ile salamu. Akamuuliza Eugene namba yake ya simu. Eugene akaanza kuitaja, akafika katikati, akanyamaza. Afisa akamalizia mwenyewe, anasoma kwenye daftari.

"Ilikuwa ni mzaha tu, madam."

"Mara nne, si mara tatu," akasema afisa. "Huo mzaha una vipimo."

Yakaisha hivyo, wasikilizaji wapendwa. Iliandikwa kwamba Jael Aoko alikuwa akitoka saa mbili usiku, sio saa kumi na moja. Alilipwa zile saa zake, kidogo kidogo, hadi zikalipwa zote. Ni ngapi? Hilo lilikuwa lake na halijawa letu eti kwa sababu amekufa. Na wale wafanyakazi wengine sita wakaandikiwa mkataba mpya. Umeandikwa kazi inaanza saa moja, inaisha saa kumi na moja, na anayebaki analipwa. Kitabu cha mlangoni kikatolewa ofisini, kikafungwa na kamba pale nje.

Jael mwenyewe? Wakamwambia mkataba wake ule wa zamani haukuandikwa ni wa muda gani, kwa hiyo umeisha leo. Mnaona akili ya watu. Karatasi ile ile.

Alirudi Sarang'ombe akawa anapiga pasi za watu wa ploti. Sasa alikuwa nyumbani mapema. Salamu zake zikabadilika. "Jael Aoko nikiwa nyumbani kwangu, nasalimia Kasiva na wenzangu wote wa Gatina, na yeyote anayenisikia." Nikawa nazisoma. Kila jioni. Miezi minane. Hakuna aliyejibu hata mmoja.

Mimi nilidhani hawasikilizi. Juzi Kasiva ameniambia walikuwa wanasikiliza. "Tulikuwa tunasikia zote, Mama. Lakini Eugene pia anasikiliza. Ningejibu, angesikia jina langu na la Jael pamoja." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu mmoja alitoa jina lake hewani kila jioni, na watu sita walikaa kimya na redio ikiwa imewashwa.

Nami nisijitoe. Wiki mbili zilizopita salamu za Jael zilikatika. Siku ya kwanza nikasema hana kredo ya simu. Siku ya pili nikasema hana kredo. Siku ya tano bado nilikuwa nasema hana kredo. Namba yake ninayo kwenye madaftari kumi na moja, mara mia kadhaa, kwa mwandiko wangu. Sikuipiga hata mara moja. Kutoka hapa stesheni hadi mlango wake ni mwendo wa kunywa chai. Aliyegundua ni mwenye nyumba, aliyeona nguo za watu hazijachukuliwa kwenye kamba siku mbili, akabisha. Walimfikisha hospitali akiwa bado anaongea. Muuguzi alimuuliza aitiwe nani. Sella ameniambia alifikiri kidogo, kisha akataja namba ya Homa Bay, safari ya siku nzima.

Jana tulikuwa na mkutano wa matanga pale ploti Sarang'ombe. Tulikuwa tumekaa watu wachache, Sella na mimi na majirani wawili watatu, viti vingi viko wazi. Jua lilikuwa bado halijashuka. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, wapendwa, nimeangalia. Tukaona watu sita wanaingia langoni, wamefuatana, na mashati ya kazi ya rangi moja, vidole vimejikunja kwa maji. Ni wale. Wote sita.

Sella hakuwajua. Akauliza, "Nyinyi ni watu wa kanisa?"

Kasiva akasema, "Hapana, dada. Sisi tulikuwa tunafanya kazi na yeye."

"Leo si ni siku ya kazi? Mmeruhusiwa?"

Kasiva akavuta kiti. Alikaa, akajifunika uso na mikono. Baadaye ndipo akasema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Hatukuomba ruhusa. Siku hizi tunatoka saa kumi na moja. Tangu ile karatasi yake. Kila siku natoka saa kumi na moja, napika, nakaa na watoto, jua liko. Miezi minane ningeweza kutembea nikafika hapa na kurudi. Kila siku ningeweza."

Hakuna aliyempoza. Sella alimpa chai. Wakakaa wote sita mpaka giza likaingia, na hakuna aliyeangalia saa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya stesheni hii, nampa pole Sella na familia yote ya Homa Bay. Poleni sana. Poleni Kasiva na wenzako watano, nanyi mmefiwa, hata kama mnaona haya kusema. Mwili wa Jael Aoko unasafiri kesho kutwa asubuhi. Wanaotaka kumuaga wafike ploti ya mwenye nyumba wake, upande wa shule, saa kumi na mbili alfajiri.

Wewe uliye na kazi, isome ile karatasi yako leo. Kama haisemi unatoka saa ngapi, uliza. Na usiandike umetoka hali ndio kwanza umeingia, hata ukisifiwa mwandiko.

Halafu kuna jambo jingine, na hili najiambia mimi kwanza. Sitasoma salamu hadi mwisho wa saa hii. Ramzy atazima muziki. Nawapa huo muda. Mpigie mtu mmoja anayeishi peke yake, mtu ambaye humdai na hakudai. Atashtuka. Atauliza, "Kuna nini? Nani amekufa?" Mwambie hakuna. Mwambie umempigia tu. Kisha usikate wewe kwanza.